Homoni, Hamu ya Kula na Uzito: Maswali Tunayoulizwa Sana Kigoma

Nimefanya kazi ya lishe hapa Kigoma mjini kwa miaka kadhaa, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kujibu maswali. Mengine huulizwa kwa sauti, benchi zima likisikia. Mengine huja mama akishaaga, mkono uko kwenye kitasa: "Halafu dada, kuna kitu kingine." Hicho kitu kingine mara nyingi ni uzito, na mara nyingi mshitakiwa ameshapatikana kabla hata sijavuta kiti: homoni.

Haya ni yale yanayorudi kila wiki, kwa maneno ya waulizaji kadiri nilivyoweza. Niseme mapema ninaposimama. Homoni, yaani kemikali zinazobeba ujumbe mwilini, zinagusa kweli hamu ya kula, na zinaamua mafuta yakae sehemu gani ya mwili. Lakini kiasi chake kwa watu wengi ni kidogo kuliko kinachosemwa mtaani, na ni kikubwa kuliko anachokubali daktari mwenye haraka.

Homoni za jinsia ni zipi, na zinahusianaje na tumbo langu?

Zinazotajwa sana ni tatu. Estrojeni na projesteroni hutoka hasa kwenye ovari, testosteroni hutoka hasa kwenye korodani. Nasema "hasa" kwa sababu kila mwanamke ana testosteroni kidogo, na kila mwanaume ana estrojeni kidogo, tena anaihitaji.

Zikishaingia kwenye damu hufika mpaka ubongoni, kwenye sehemu ndogo kama lozi inayoitwa haipothalamasi. Hapo ndipo njaa na shibe zinapopimwa. Mafuta ya mwilini hutuma taarifa yake kwa homoni iitwayo leptini, iliyogunduliwa 1994: "akiba ipo." Tumbo tupu nalo hutuma grelini, iliyogunduliwa 1999: "leteni chakula." Estrojeni huingia katikati ya mazungumzo hayo na kuikuza sauti ya shibe. Panya jike akiondolewa ovari anakula zaidi na kunenepa. Akirudishiwa estrojeni, ulaji unashuka. Mwaka 2000 watafiti walichapisha habari za panya waliozalishwa bila kipokezi kimoja cha estrojeni, na panya wale walirundika mafuta, wa kike kwa wa kiume.

Testosteroni kazi yake kubwa katika habari hii ni kujenga misuli. Msuli hula nishati hata mtu akiwa amekaa kijiweni anacheza bao.

Kwa nini siku chache kabla ya hedhi nakula kama nimefungua swaumu, tena kila saa?

Huyu alikuwa dada wa Ujiji, na alivyouliza benchi zima lilicheka kwa sababu kila mmoja alijiona.

Fuata mzunguko. Hedhi ikiisha estrojeni inaanza kupanda, na inafika kileleni siku chache kabla ya yai kutoka. Siku hizo wanawake wengi hula kidogo kuliko kawaida yao bila hata kujua. Sahani inabaki na tonge na mtu hana habari nayo. Yai likishatoka, projesteroni inapanda na kuifunika ile kazi ya estrojeni ya kutuliza hamu. Joto la mwili hupanda kwa nyuzi 0.3 hadi 0.5 hivi, na mwili unachoma nishati zaidi kidogo hata ukiwa umelala. Kwa hiyo njaa hiyo si uroho. Sehemu yake ni deni halali.

Kiasi gani? Tafiti zinatofautiana, ila ongezeko linalotajwa sana kwa wiki hizo mbili za mwisho liko kati ya kalori 100 na 300 kwa siku. Kijiko kimoja cha mezani cha mawese ni kama kalori 120. Andazi moja la kawaida linakaribia 200. Kwa hiyo tunazungumzia andazi moja, pengine na nusu. Hatuzungumzii sinia.

Shida ni kwamba siku hizo mtu hatamani mchicha. Anatamani kitamu na cha mafuta, na wauza maandazi wa Mwanga wanafungua mapema. Ninachowaambia ni kusogeza chakula chenye protini mwanzoni mwa siku. Dagaa wetu wakikaushwa, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, na protini ndiyo inayoshibisha muda mrefu. Mama anayeanza siku kwa chai ya rangi na vitumbua viwili ataona saa nne haifiki. Anayekula kiporo cha maharage na dagaa atafika mchana salama, hata kwenye wiki ile mbaya.

Halafu kuna maji. Mwili hushika maji karibu na hedhi, na mizani inaweza kupanda nusu kilo hadi kilo mbili bila gramu moja ya mafuta kuongezeka. Pete inabana, viatu vinabana, tumbo linajaa. Ikifika siku ya tatu au ya nne ya hedhi, maji yameshaondoka. Anayejipima siku ya kwanza ya damu anajitafutia huzuni bure.

Sindano ya miezi mitatu inanenepesha? Niambie ukweli, dada, usinifiche.

Hii sindano ya uzazi wa mpango ndiyo swali namba moja, na nalijibu kwa urefu kwa sababu wanawake wamedanganywa pande zote mbili. Mtaani wanaambiwa sindano itawafanya wavimbe kama mapipa. Kwenye baadhi ya vyumba vya kliniki wanaambiwa "ni mawazo yako tu, mama." Yote mawili si kweli.

Kuna utafiti mkubwa uliofanyika hapa hapa Afrika, kwenye nchi za Afrika Kusini, Eswatini, Kenya na Zambia, na matokeo yake ya kwanza yakatoka 2019. Wanawake zaidi ya 7,800 waligawanywa kwa bahati nasibu kwenye makundi matatu ya njia za uzazi wa mpango: sindano ya miezi mitatu, kijiti cha chini ya ngozi ya mkono, na kitanzi cha shaba kinachowekwa kwenye mfuko wa uzazi. Lengo kuu lilikuwa kuangalia maambukizi ya VVU, lakini walipimwa na uzito. Baada ya mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, waliochoma sindano walikuwa wameongezeka wastani wa kilo 3.5. Wa kijiti, kilo 2.4. Wa kitanzi, kilo 1.5.

Rudia hapo kwenye kitanzi. Kitanzi cha shaba hakina homoni hata chembe, na bado waliokiweka waliongezeka kilo moja na nusu. Ndivyo maisha yanavyokwenda kwa mwanamke kijana: umri unasogea, kazi inabadilika, chakula kinabadilika. Ukitoa hiyo kilo moja na nusu kwenye ile 3.5, kinachobaki kwa sindano ni kama kilo mbili kwa wastani. Zipo kweli, lakini si pipa.

Wastani nao una tabia ya kuficha watu. Wapo wasioongezeka kabisa, na wapo wachache wanaoongezeka sana. Dalili nzuri ni miezi sita ya kwanza: ukiongezeka zaidi ya asilimia 5 ya uzito wako ndani ya muda huo (kwa mtu wa kilo 60 ni kilo 3), kuna uwezekano mkubwa utaendelea kupanda ukibaki kwenye sindano. Huyo simwambii avumilie. Namwambia twende tukaongee habari ya njia nyingine, maana njia zipo, na kuacha ghafla bila njia ya pili kuna matokeo yake yenye miguu miwili na kilio.

Inafanyaje? Sindano hulaza ovari, hivyo estrojeni ya mwilini inashuka, na ile sauti ya shibe niliyoitaja juu inapungua. Tena dawa yenyewe ina undugu wa mbali na kotisoli, homoni inayojulikana kwa kuchochea hamu ya kula. Wanawake wengi wananiambia hawakuona tofauti kwenye mizani kwanza. Waliona kwenye sufuria. Ugali uliokuwa unabaki, haubaki tena.

Nikiri na kosa langu. Miaka ya mwanzo, kwenye kituo nilichokuwa nikifanyia kazi, alikuja mama anayeuza dagaa. Kadi yake ilionyesha kilo 58 siku alipochoma sindano ya kwanza. Aliporudi kwa ya pili, mizani ikasoma 61.5. Nikaandika kwa kujiamini: ongezeko, sababu sindano. Alipofika mlangoni nikasikia mlio wa sarafu. Nikamwita. Mara ya kwanza alipimwa saa mbili asubuhi, hajala, amevaa dera tupu. Safari hii ilikuwa saa nane mchana, ameshakula, ana viatu, kitenge juu ya dera, na kwenye pindo la kitenge fundo la sarafu za mauzo ya asubuhi. Tulivyovua vya kuvua na kufungua vya kufungua, ikasoma 59.6. Na hedhi ilikuwa inakaribia. Sindano niliyokuwa nimeishitaki kwa kilo tatu na nusu, huenda haikuwa na hata moja.

Kijiti, vidonge, kitanzi, P2: kipi kinanenepesha?

Kijiti nimeshakigusa: kiko katikati. Kitanzi cha shaba hakina homoni, kwa hiyo ukinenepa na kitanzi tafuta sababu kwingine.

Vidonge vya majira vyenye estrojeni na projestini (projesteroni ya kutengenezwa) pamoja vimechunguzwa sana, na hakuna ushahidi mzuri kwamba vinasababisha ongezeko kubwa la uzito. Wengine huvimba kidogo kwa maji miezi ya mwanzo, matiti yanajaa, suruali inabana. Kwa kawaida inatulia.

P2 ni dozi moja ya dharura ya kuzuia mimba. Inaweza kukuvurugia tarehe za hedhi na kukupa kichefuchefu, lakini kukunenepesha, hapana. Anayeitumia kila wiki anahitaji njia ya kudumu, na hayo si mazungumzo ya uzito.

Nina mimba changa. Chakula sikitaki, ila udongo nautamani mpaka usiku naota.

Hongera kwanza. Kichefuchefu cha miezi ya mwanzo kilikuwa kitendawili cha muda mrefu. Mwishoni mwa 2023 yalitoka matokeo yaliyoonyesha kwamba homoni moja inayotoka kwa wingi kwenye kondo la nyuma, iitwayo GDF15, ndiyo yenye sehemu kubwa ya lawama, hasa kwa mama ambaye mwili wake haukuwa umeizoea kabla ya mimba. Kwa hiyo mama mkwe anayesema "unadeka" amekosea.

Projesteroni inapanda mimba nzima. Inalegeza utumbo, chakula kinakwenda polepole, ndiyo maana kuna kiungulia na choo kigumu. Kuanzia katikati ya mimba, ubongo unaacha kuisikiliza leptini vizuri, njaa inarudi kwa nguvu, na mwili unaweka akiba kwa ajili ya kunyonyesha. Hiyo ni mipango, si hitilafu. Lakini ule msemo wa "unakula kwa ajili ya wawili" umezidisha hesabu: miezi mitatu ya kwanza nyongeza inayohitajika ni karibu na sifuri, ya katikati ni kama kalori 340 kwa siku, ya mwisho kama 450. Kipande cha samaki aina ya mgebuka na ndizi mbili tatu za kuchemsha vinatosha nyongeza hiyo.

Udongo sasa. Vile vipande vinavyouzwa sokoni vina harufu ya mvua ya kwanza, nakubali, hata mimi nimewahi kulamba. Hamu hiyo inakwenda sana pamoja na upungufu wa damu. Ubaya wake ni kwamba udongo unaweza kushika madini ya chuma tumboni yasifyonzwe, ukakuongezea tatizo lile lile, na unaweza kuleta mayai ya minyoo au madini ya risasi, ambayo ni sumu. Nenda kapime damu, na zile dawa za kuongeza damu unazopewa kliniki zimeze, usiziweke kabatini.

Nanyonyesha na njaa haiishi. Ni kawaida?

Kawaida kabisa. Kutengeneza maziwa kunakula kama kalori 500 kwa siku, homoni ya prolaktini inaongeza hamu ya kula, na estrojeni iko chini. Kula. Wengine hupungua uzito wakinyonyesha, wengine hawapungui mpaka mtoto aache. Usijilinganishe na shoga yako.

Nina miaka 50, hedhi inaruka ruka, na tumbo limetokeza hata sijabadilisha chakula. Limetoka wapi?

Swali hili huulizwa na wanawake wa makamo wenye mwili uliokuwa na umbo lake, na huulizwa kwa masikitiko fulani.

Estrojeni ndiyo iliyokuwa inayaelekeza mafuta kwenye mapaja na nyonga. Inaposhuka, karani wa ghala amestaafu, na mizigo inaanza kushushwa tumboni, kama kwa wanaume. Ndiyo maana mwanamke anaweza kubaki na kilo zile zile na bado sketi ikakataa kufunga. Wakati huo huo misuli inapungua, na kasi ya kurundika mafuta inaongezeka kuanzia hedhi inapoanza kuyumba mpaka kama miaka miwili baada ya hedhi ya mwisho. Ongeza na usingizi uliokatwakatwa na joto la ghafla usiku; asiyelala vizuri anaamka na njaa isiyo ya kawaida.

Hata hivyo kilo zenyewe, ile nusu kilo hivi kwa mwaka inayoongezeka kwenye umri huu, kwa sehemu kubwa ni kazi ya umri na kupungua kwa shughuli. Kukoma hedhi kunahamisha mafuta zaidi ya kunakoyaongeza. Mama aliyekuwa akibeba ndoo kutoka bombani na sasa ana wajukuu wa kutuma, mwili wake umepoteza kazi ambayo hakuwa akiihesabu kama mazoezi.

Kwa umri huu mizani naipa kisogo kidogo. Chukua futi ya fundi cherehani, zungusha kwenye kiuno juu ya kitovu kidogo bila kuvuta tumbo ndani. Zaidi ya sentimita 80 kwa mwanamke ni wakati wa kupima sukari na presha. Na kazi za nguvu zirudi: jembe, kupanda kilima, kubeba. Protini kila mlo, mawese kwa kijiko badala ya kumimina kwa macho. Mawese ni mazuri, ndiyo yanayotupa ile rangi na vitamini A, sitawaambia watu wa Kigoma waache mawese na wakanisikiliza. Lakini ni mafuta, na kila gramu ina kalori 9 kama mafuta mengine yote.

Waliopewa tiba ya homoni na daktari wasiogope kunenepa kwa sababu yake. Tafiti hazijaonyesha hivyo.

Mbuzi dume akihasiwa ananenepa. Mwanaume testosteroni ikipungua naye vivyo hivyo?

Mfugaji mmoja wa upande wa Uvinza aliniuliza, na nilifurahi kwa sababu ameona kwa macho yale ambayo wengine wanasoma. Beberu wakati wa kupandana hali vizuri. Anazunguka, ananuka, anapigana, anakonda. Mhasi, baada ya muda nyama yake ina mafuta na hata harufu imeisha. Maksai vile vile.

Kwa binadamu picha ni hiyo, ila ina msokoto. Wanaume wanaotibiwa saratani ya tezi dume kwa dawa za kushusha testosteroni hupoteza misuli na kuongeza mafuta, hilo linajulikana. Lakini mwaka 2013 ulichapishwa utafiti wa Marekani ambapo wanaume walizimwa homoni zao, kisha wakapewa testosteroni kwa viwango tofauti, na nusu yao wakazuiwa wasiigeuze kuwa estrojeni. Ikaonekana kwamba misuli na nguvu zilipungua kwa kukosa testosteroni, lakini mafuta yaliongezeka hasa kwa kukosa estrojeni. Ndiyo, estrojeni, ndani ya mwanaume. Mzee aliyekuwa anasikiliza pembeni alikataa katakata, akasema hayo ni ya Wazungu.

Mume wangu mvuvi alinenepa ziwa lilipofungwa. Ni homoni?

Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, na maswali ya namna hii yalinijia kutoka Kibirizi na Katonga. Jibu langu: sidhani. Mtu aliyekuwa akivuta nyavu usiku kucha alikaa nyumbani miezi mitatu na sahani ikabaki kubwa ile ile. Hapo homoni hazina kesi.

Usingizi ndio wenye habari zaidi kwa wavuvi wa dagaa. Wanatoka jioni na taa, wanarudi alfajiri, wanalala mchana na kelele za watoto, na mapumziko ya kweli ni pale mbalamwezi inapokuwa kubwa. Huko Chicago, 2011, vijana wa kiume 10 wenye afya waliachwa walale kwa muda wa saa tano tu kila usiku kwa wiki moja, na testosteroni yao ya mchana ikashuka kwa asilimia 10 hadi 15. Kukosa usingizi pia kunapandisha grelini na kumfanya mtu atamani vyakula vizito.

Kuna na mduara mwingine. Mafuta ya tumboni yana kimeng'enya kinachogeuza testosteroni kuwa estrojeni, na unene wenyewe unashusha testosteroni. Kitambi kinashusha homoni, homoni ikishuka kitambi kinakua. Habari njema ni kwamba mduara unageuka: mwanaume mnene akipungua, testosteroni yake hupanda yenyewe. Ndiyo maana simpeleki mtu moja kwa moja kwenye sindano za testosteroni, ambazo zikitumiwa hovyo hukata uzalishaji wa mbegu. Kipimo cha kiuno kwa mwanaume ni sentimita 94. Wanaocheka futi ya fundi cherehani ndio huwa wamepita.

Hedhi yangu inakuja mara nne kwa mwaka, nimeota vindevu, na nanenepa. Nimerogwa?

Hapana, mdogo wangu. Hiyo inafanana na hali inayoitwa PCOS, ambayo inakadiriwa kuwapata wanawake kama mmoja kati ya kila kumi walio kwenye umri wa kuzaa, na wengi wao hawajui. Insulini, homoni ya kudhibiti sukari, inakuwa juu, inazichochea ovari kutoa homoni za kiume zaidi ya kawaida, mayai hayapevuki kwa wakati, na insulini hiyo hiyo inarahisisha kuweka mafuta tumboni. Hamu ya kula inaweza kuwa kali, ya kula mpaka mtu anajichukia.

Kupunguza asilimia 5 hadi 10 ya uzito mara nyingi kunarudisha hedhi. Kwa mtu wa kilo 80 ni kilo 4 hadi 8, si kurudi kwenye mwili wa kidato cha pili. Ugali wa muhogo mtupu na mchuzi mwepesi unapandisha sukari haraka. Punguza tonge, ongeza maharage, samaki na mboga. Daktari anaweza kukuandikia metifomini (dawa ya sukari) au vidonge vya majira kulingana na unachotaka, mtoto sasa au baadaye. Na kwa ambao hawana hali hii kabisa lakini wameipata mtandaoni jana usiku: pimeni kwanza.

Nimekonda mpaka hedhi imekata.

Hapa mambo yanakwenda kinyume: uzito ndio unaoamuru homoni. Mafuta yakipungua sana leptini inashuka, ubongo unaona hakuna akiba ya kulea mimba, unafunga duka. Hutokea kwa anayejinyima, anayefanya kazi nzito bila kula, mwanafunzi wa bweni asiyeshiba. Kupima mimba ni hatua ya kwanza, kula ni ya pili. Kama umekonda bila kujinyima, na una kikohozi au jasho la usiku, usisubiri. Kapime kifua kikuu.

Kuna vidonge vinauzwa vya kuongeza hipsi. Homoni?

Mara nyingi wala si homoni za jinsia. Vingi nilivyoletewa vina siproheptadini, dawa ya mzio inayoamsha njaa na kusinziisha, au deksamethasoni, ambayo ni steroidi. Hiyo ya pili ndiyo ninayoiogopa. Inanenepesha uso na tumbo, si makalio, inapandisha sukari na presha, na inalaza tezi zinazotengeneza kotisoli yako mwenyewe. Aliyeitumia kwa wiki nyingi asiache ghafla, aende kwa daktari amwambie ukweli wote, maana kuacha ghafla kunaweza kuangusha mtu.

Mafuta yakae wapi huamuliwa na kurithi na estrojeni yako. Hakuna kidonge kinachojua anwani ya nyonga.

Kuku wa kisasa na soya vina homoni?

Kuku wa nyama hukua haraka kwa sababu ya uzao uliochaguliwa miaka mingi na chakula chenye protini nyingi. Homoni ya ukuaji ni protini. Ukiichanganya kwenye pumba inasagwa tumboni kama chakula kingine. Cha kumuuliza mfugaji ni kama alisubiri siku zinazotakiwa baada ya kuwapa kuku antibiotiki.

Soya ina viini vinavyofanana kidogo na estrojeni, ila ni dhaifu, na tafiti nyingi zikijumlishwa hazionyeshi kushusha testosteroni ya mwanaume. Baba, kunywa uji wa lishe wa mtoto ukibaki.

Nikija kliniki kuuliza habari ya uzito, nije na nini?

Njoo na tarehe za hedhi zako za miezi mitatu, hata kama umeziandika ukutani kwa mkaa. Njoo na kadi ya uzazi wa mpango, na majina au maganda ya dawa zote unazotumia, pamoja na zile za mtaani ambazo hutaki mume ajue. Wanaotumia ARV waseme, kwa sababu baadhi ya dawa za sasa zinaongeza uzito zenyewe. Kama shingo imevimba mbele, tutataka kupima tezi pia, na tutakuuliza unatumia chumvi gani, kama ina madini joto.

Ukijipima nyumbani au kwa kijana mwenye mizani pale sokoni, tumia mizani ile ile, asubuhi, kabla ya chai, wiki moja baada ya hedhi kuanza, mara moja kwa mwezi. Viatu uvue. Mtoto mpe shangazi yake amshike. Na fundo la sarafu, lifungue.